Mzizi Mmoja, Mikoba Miwili

Mkamwana alikunywa kikombe chake akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, macho ameyafumba kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Alipomaliza alijifuta mdomo, akatabasamu kwa shida.

"Asante, mama."

"Chungu?" Bi Sindano aliuliza.

"Kidogo tu."

"Ingekuwa tamu ingeuzwa dukani pamoja na peremende. Haya, nenda mwanangu. Ukichoka, kaa. Huyo dobi wako akinuna, mwambie aje anune hapa mbele yangu."

Mkamwana alicheka, akashuka ngazi polepole, mkono mmoja kiunoni. Bi Sindano alimsindikiza mke huyo wa mwanawe kwa macho hadi alipokata kona. Viatu alivyovaa binti vilikuwa vya mumewe. Vyake mwenyewe vilikuwa havimwingii tena. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, kazi ya kusimama kutwa mbele ya mvuke, na mimba yake, ya kwanza, ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Bi Sindano hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa kila saa alikuwa na pini midomoni, watu wa mtaa walimbandika jina likamganda. Zile pini zilimfaa kwa mengi. Mteja akilalamika bila sababu, alizibana midomoni akaitikia kwa pua. Mwanawe na mkewe wakikwaruzana chumba cha pili, alizibana midomoni akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Aliishi kwa amani na watu kwa sababu mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine.

Lakini kwa mimba hii moyo wake haukutulia. Alichoogopa ni kisu. Jirani yao alikuwa amepasuliwa wakati wa kujifungua, na ingawa alitoka salama yeye na mwanawe, Bi Sindano hakuacha kulifikiria lile jeraha. Alikuwa amekata vitambaa tangu ujana wake, na alijua kitambaa kikishakatwa, hata kikishonwa na fundi gani, hakirudi kuwa kile cha mwanzo. Basi akaenda sokoni kwa mama wa mizizi, akaeleza shida yake.

"Huu unalainisha njia," mama wa mizizi alimwambia. "Ila usimwanzishie mapema. Ngoja mwezi wenyewe ufike."

Bi Sindano aliitikia vizuri kabisa. Njiani akajiambia kuwa njia ya mgeni haifagiliwi mgeni akiwa ameshabisha hodi. Akaanza siku ileile. Kipimo chake kilikuwa kiganja: aliukatakata mzizi hadi ukajaa kiganjani, akauchemsha mpaka maji yakawa na rangi ya chai iliyolala. Kikombe kila asubuhi, mwanawe akishatoka kwenda kazini. Mapenzi yake yote yalikuwa ndani ya kikombe hicho.

*

Walipokwenda kliniki pamoja, muuguzi mmoja kijana alisimama mbele ya benchi la wajawazito, akauliza kwa sauti ya kuita mnada:

"Kuna anayekunywa miti shamba hapa? Aseme mapema!"

Mama mmoja mwenye gauni la kijani, lililofumuka begani, alinyoosha mkono nusu.

"Ya nini hiyo?" muuguzi akamuuliza.

"Ya mgongo tu, dada."

"Wewe mama, tumboni una mtoto au una bustani?"

Benchi zima lilicheka. Yule mama akashusha mkono, akawa anachezea uzi uliochomoza begani mwake. Mkamwana alimgeukia Bi Sindano. Bi Sindano alikuwa anatazama lile bega lililofumuka, anafikiria angelishona vipi, na hakusema neno. Siku hiyo hakuwa na pini, lakini midomo ilibana vilevile.

Mkamwana naye akanyamaza. Kama mkubwa wake amenyamaza, yeye aseme nini?

*

Simu ya dobi ilimkuta Bi Sindano akimpima mteja kiuno.

"Bi Sindano? Mimi dobi. Usishtuke."

Mtu akikuambia usishtuke, umeshashtuka. Tepu ya kupimia ilimponyoka mkononi.

"Mwanao ameshikwa na tumbo. Linabana, linaachia, linabana tena. Nimempakia kwenye gari, tuko njiani kwenda hospitali."

"Gari gani?"

"Lile la nguo. Nimemlaza juu ya mashuka ya nyumba ya wageni, safi kabisa, nimeyapiga pasi mwenyewe. Wageni watalala bila mashuka leo, Mungu atawafunika."

Mteja, ambaye alikuwa mwalimu, alikuwa tayari anavaa koti lake.

"Nenda, mama," alisema. "Kiuno changu kipo, hakina safari."

Bi Sindano akabaki peke yake chumbani. Mzizi ulikuwa mezani, kando ya mkasi. Aliutazama. Kisha akautupa ndani ya gunia la vipande, akausukuma chini kabisa, akajitanda mtandio, akatoka, akafunga mlango.

Ufunguo ulibaki mkononi mwake. Alisimama pale ngazini. Tumbo la mwezi wa nane halina haki ya kubana na kuachia. Hilo alilijua bila kwenda shule. Na maneno ya mama wa mizizi yalimrudia masikioni, moja moja: ngoja mwezi wenyewe ufike.

Alifungua mlango. Alichakura gunia mpaka vipande vikatapakaa sakafuni, akaupata ule mzizi, akaufunga ndani ya kitambaa cha maua kilichosalia aliposhona shuka la mtoto. Akautia mkobani, akaenda.

*

Mwanawe alikuwa kwenye baraza la hospitali, amevaa ovaroli lake la kazi, bisibisi bado iko mfukoni. Alikuwa fundi umeme, na kila mtu alimwita Waya.

"Wamenitoa nje, mama," alisema. "Wanasema uchungu umekuja kabla ya siku zake. Wanasema wakishindwa kuuzuia, mtoto..." Hakumalizia.

"Watauzuia."

"Bado mdogo sana, mama."

"Nimesema watauzuia. Kaa."

Hawajakaa vizuri, akatokea mama mzazi wa mkamwana. Huyu alikuwa mpishi wa shule, na jina lake la mtaani lilikuwa Mama Spika, maana aliwaita watoto chakulani bila kengele na watoto wa shule ya jirani wakaja pia. Leo alikuja na aproni yake yenye masizi, na salamu aliyotoa ilikuwa ya kunong'ona. Akaketi mwisho wa benchi, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Bi Sindano, mwisho wa pili, alikuwa ameukumbatia wake.

Mlango ulifunguliwa, akatoka mkunga, mwanamke wa makamo, mnene, miwani ameipandisha kichwani.

"Nyinyi ndio wa yule mpiga pasi?" aliuliza. "Nisikilizeni. Amekunywa kitu gani huyu? Dawa yoyote, ya dukani, ya kienyeji, ya jirani? Mwenyewe namuuliza, anasema hapana, halafu anatazama ukuta."

Mabenchi yote ya baraza yalitega masikio. Waya ndiye aliyejibu, tena kwa kujiamini.

"Hapana, dada. Kwetu hatutumii vitu hivyo. Mama yangu mwenyewe ndiye anayemtunza."

Lingekuwa tusi, Bi Sindano angelistahimili. Sifa ile ilimchoma hadi kwenye mifupa. Mwanawe alikuwa anamwamini mbele ya umati, naye angeweza kuiacha sifa hiyo ikae hapo ilipo, mkunga arudi ndani na jibu la uongo, na siri ikae mkobani.

Alisimama. Alifungua mkoba, akakifungua kile kitambaa cha maua juu ya kiganja chake. Mzizi ulionekana mdogo na mchafu.

"Ni mimi," alisema. "Nampa huu. Kikombe kila asubuhi. Na leo pia."

"Mama!" Waya alisema. Neno moja tu, lakini hakuwahi kulitamka kwa namna hiyo.

"Wakwe hawa," mtu mmoja akasema benchi la pili. "Atamaliza watoto wa watu." Mwingine akafyonza, kwa kirefu.

Bi Sindano alitazama sakafu. Alikuwa anamngojea Mama Spika. Mwenye mtoto alikuwa pale, ana haki ya kupiga kelele, na sauti ya kupigia kelele alikuwa nayo. Alichosikia ni mlio wa zipu. Mama Spika alitoa mkobani chupa ya soda, ndani yake maji ya kahawia, rangi ya chai iliyolala.

"Iweke na mwenzake," alimwambia mkunga. Sauti ilianza kumrudia. "Hii ni yangu. Namngojea kituoni kila jioni akitoka kazini, namnywesha. Asilaumiwe mtu mmoja hapa."

Mkunga alichukua chupa, akafungua, akanusa. Akachukua mzizi, akaukwaruza kwa ukucha, akanusa. Kisha akawaambia wale wawili, kwa upole ambao hawakuutegemea, "Njooni ndani, mama zangu." Na kabla hajafunga mlango aliwageukia watu wa mabenchi: "Nyinyi mnaofyonza, kila mmoja akague kwanza mkoba wake."

*

Kilikuwa chumba kidogo chenye kiti kimoja na ndoo. Mkunga alimpa kiti Mama Spika, akaigeuza ndoo, akamkalisha Bi Sindano, yeye akabaki wima. Aliwauliza: ulianza lini, unaweka kiasi gani, mara ya mwisho ni saa ngapi. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, bila kukunja uso, na wao wakajibu.

"Mnajua kwamba ni mzizi mmoja huuhuu?" alisema.

Wale wanawake wakatazamana.

"Wewe umenunua wapi?" Mama Spika akauliza.

"Sokoni. Kwa yule mama mwenye meza karibu na bucha."

"Mwenye jino moja la fedha?"

"Huyohuyo."

"Huyo mama," Mama Spika alisema, "tunamtajirisha kwa zamu."

Mkunga alitabasamu, lakini haraka tabasamu lilipita. "Kila mmoja alimpa kidogo, yeye akapata mara mbili. Na hicho kidogo chenyewe hakuna anayejua nguvu yake. Mzizi mmoja mkali, mwingine mpole, kwa macho wanafanana. Huu unauminya mji wa mimba. Ukiminya kabla ya wakati, mtoto anatoka hajakomaa. Ukiminya kupita kiasi, hata siku yenyewe ya kujifungua, mtoto anakosa hewa na mama anaweza kuchanika ndani kwa ndani. Hapo ndipo tunapokimbilia kisu."

Bi Sindano alihisi ndoo inayumba chini yake. Maisha yake yote hakuwahi kukata hata leso bila kupima mara mbili. Na damu yake mwenyewe aliipimia kiganja.

"Atapona?" aliuliza.

"Siwezi kukuahidi. Lakini sasa najua nakabiliana na nini, na najua dawa gani nisimwongezee juu ya hii. Mmenisaidia sana kusema."

Mmenisaidia. Bi Sindano alilibeba neno hilo hadi kwenye benchi kama mtu aliyepewa maji ya kunywa na mtu ambaye yeye mwenyewe amemkanyaga.

*

Walikaa. Nafasi iliyokuwa kati yao ilikuwa imepungua bila mtu kusogea kwa makusudi.

"Mzazi mwenzangu," Bi Sindano alianza, "kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaona najitia kwenye nyumba yako. Mtoto nimeshamwozesha, bado nashika mwiko?" Mama Spika alivuta pumzi. "Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema namfanyia mwanao uchawi."

Mama Spika alimtazama, mabega yakaanza kumtikisika. Kilikuwa kicheko au kilio, hata mwenyewe asingejua. "Uchawi na mkono huo! Wewe hata kuku humfukuzi."

"Tungeulizana tu."

"Tungeulizana tu," Mama Spika alikubali. "Mimi naweza kuita shule nzima, nikashindwa kukuuliza wewe."

Waya alikuwa ametokomea. Bi Sindano alijua amekasirika, na hakuwa na la kumlaumu. Lakini aliporudi alikuwa na vikombe vya chai, amevishika kwa vidole kama anavyoshika nyaya. Cha kwanza alimpa mkwewe. Cha pili akakileta mbele ya mama yake, akasimama nacho.

"Ya dukani, mama," alisema. "Nimeona wakiichemsha kwa macho yangu."

Bi Sindano alikipokea. Alitaka kumwomba msamaha mwanawe, pini zisizokuwepo zikambana. Waya akaketi karibu naye, bega kwa bega, na bisibisi ikamchoma Bi Sindano mbavuni, naye hakuhama.

Dobi naye alikuwa bado yupo nje, anazunguka gari lake. Alikataa kuondoka mpaka asikie neno.

Neno lilikuja jua likiwa limeanza kuinama. Mkunga alitoka, miwani sasa iko machoni.

"Tumbo limeachia," alisema. "Linabana mara mojamoja, linakata tamaa. Nitamweka hapa tumwangalie, na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto tumempa, kwa tahadhari. Njooni mmuone. Bila mikoba."

*

Mkamwana alikuwa amelala ubavu, dripu mkononi, midomo mikavu. Alipowaona wote wawili wameingia pamoja, alielewa kuwa mambo yamefumuka, akafunika uso kwa mkono.

"Mnisamehe."

"Sisi tukusamehe nini tena?" Mama Spika alimwambia.

"Ya mama mkwe ningekataa, angeona namdharau ndani ya nyumba yake. Ya kwako ningekataa, ungesema nimeolewa nimekusahau. Nikasema nitakunywa zote, kila mtu aridhike."

"Heshima yako hiyo ingekumaliza, mwanangu," alisema Bi Sindano. Alishika ule mguu uliovimba, akaanza kuukanda taratibu. "Tangu leo nikikupa kitu usichokitaka, kimwage mbele yangu. Nitanuna. Kununa hakuui."

Waya alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkewe kiganja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapumua hadi mwisho.

"Mnataka kumsikia mwenyewe?" mkunga akauliza. Alipaka kitu tumboni, akaweka kifaa chake kidogo, akakisogeza huku na kule. Mwanzoni zilisikika kelele kama za redio isiyoshika. Halafu sauti ikaja, haraka haraka, bila kukwama, tuk-tuk-tuk-tuk.

Bi Sindano aliacha kukanda. Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa kama cherehani iliyotiwa mafuta, inayoshona pindo refu, mkono hauhitaji kuisukuma.

"Anakimbia," alisema, na machozi yakamshuka.

"Kilichobaki aendelee kukimbia hukohuko ndani," alisema mkunga. "Hana haraka ya kufika."

*

Waliporudi kliniki, mkamwana hakuwa anapiga pasi tena. Dobi alikuwa amemwekea kiti mbele ya duka, kazi yake kupokea nguo na kuzungumza na wateja, na yeye mwenyewe akajifungia na mvuke. Siku hiyo mkamwana alikaa kwenye lile benchi katikati ya mama zake wawili, tumbo limeshafika mwezi wake wa mwisho, kubwa, limetulia.

Yule muuguzi kijana akasimama mbele yao. Pengine mkunga alikuwa amezungumza naye, pengine ni yeye mwenyewe tu. Safari hii alivuta kiti, akaketi, akashusha sauti.

"Kuna anayetumia miti shamba? Sitamcheka mtu."

Benchi likawa kama ukuta. Ule mzaha wa bustani ulikuwa haujasahaulika. Yule mama wa gauni la kijani alikuwepo, anatazama vidole vyake vya miguu.

Bi Sindano alinyoosha mkono. Aliunyoosha wote, hadi bega likauma.

"Wewe bibi?" muuguzi akashangaa. "Wewe una mimba?"

"Mimi sina. Nilimpa mkwe wangu mzizi, nusura tumpoteze mjukuu. Nilikaa hapahapa ukauliza, nikanyamaza."

"Na mimi!" Mama Spika aliunguruma, mkono juu, na mtu mmoja chumba cha tatu akauliza kuna nini. "Tulimpa wote wawili! Tumeacha!"

Watu walicheka, lakini kicheko hiki hakikumkata mtu. Na kilipokuwa kinaisha, mkono mwembamba ukainuka pembeni. Mama wa gauni la kijani.

"Ile ya mgongo," alisema. "Bado nakunywa."

"Asante kwa kuniambia," muuguzi alisema, akahamisha kiti chake kikamwelekea. "Nieleze vizuri. Pole pole." Nyuma yake mkono mwingine ukainuka, na mwingine.

Bi Sindano alisogea, akatoa sindano na uzi wa kijani alioubeba tangu nyumbani, kwa kuwa lile bega halikuwahi kumtoka akilini. "Mwanangu, ukimaliza kuongea, nipe hilo bega," alimwambia yule mama.

Joto lilikuwa limeanza kupanda. Mkamwana alijipepea kwa kadi yake ya kliniki. "Jamani, nina kiu," alisema.

Mikono miwili ilizama kwenye mikoba miwili kwa wakati mmoja. Zipu mbili zikalia. Benchi zima likageuka kutazama, na muuguzi naye akaacha kuandika.

"Ni maji!" Mama Spika alisema. "Maji matupu! Mnatutazamia nini?"

"Anayeleta ndiye anayeanza kunywa," alisema muuguzi, akijizuia kucheka.

Bi Sindano alifungua chupa yake mbele ya macho yao wote. Akapiga funda moja kubwa, akameza, akangoja kidogo kana kwamba anasikiliza tumbo lake linasema nini. Kisha akaifuta chupa mdomo kwa ncha ya mtandio wake, akampa mkamwana.

Mkamwana alikunywa hadi ikabaki tupu. Safari hii macho hakuyafumba.